Risala ya Wanafunzi na Walimu Wasioona wa Mkoa wa Katavi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Fimbo Nyeupe, Mpanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi wanafunzi na walimu wasioona na wenye uoni hafifu tuna jambo moja: masomo yanayowekwa mtandaoni hatuwezi kuyasoma, na sababu si macho yetu.

Programu za kutusomea skrini kwa sauti zipo. NVDA, aliyoianzisha Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, mwaka 2006, hutolewa bure. Simu nyingi za Android huja na TalkBack. Lakini programu hizi zinahitaji maandishi. Kitabu kikiskaniwa ukurasa kwa ukurasa na kupandishwa kama picha, mwenzetu anayeona anapata kitabu. Sisi tunapata ukimya, na bando limekwisha. Kwa mwanafunzi wa Mishamo au Karema anayebangaiza hela ya bando, hasara hiyo ni kubwa.

Hata maandishi yakiwepo, vikwazo ni vingi. Vichwa vya mada hukolezwa wino tu bila kuwekewa alama ya kichwa, hivyo anayetafuta mada ya tano husikiliza tangu ukurasa wa kwanza. Vitufe havina majina. Tunasikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila kujua kipi kinatuma jibu na kipi kinalifuta. Kwenye video mwalimu wa hisabati anasema "hii inahamia huku" bila kutaja "hii" ni ipi wala "huku" ni wapi. Na somo la Kiswahili lisilotambulishwa kuwa la Kiswahili husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, hadi "nywele" na "ng'ambo" hazitambuliki. Hili linatuuma kuliko yote, maana dawa yake ni herufi mbili za utambulisho wa lugha, "sw", na sauti ya Kiswahili imo tayari ndani ya NVDA.

Tukilalamika tunaambiwa tutaandaliwa toleo letu baadaye. Baadaye hiyo hufika mtihani ukiwa umepita. Hatutaki toleo letu, Mheshimiwa. Tunataka somo lile lile, siku ile ile wenzetu wanayolipata.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, na mwaka 2020 ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa ili asiyeona avisome. Haki hizo bado hazijamfikia anayeandaa somo.

Kwa hiyo tunadai halmashauri zisipokee wala kulipia somo lolote la mtandaoni kabla ya kujaribiwa na mtu asiyeona, peke yake, kwa kibodi na kwa simu, naye alipwe kwa kazi hiyo. Walimu wafundishwe kuweka vichwa, kupandisha faili la maandishi badala ya skani, na kueleza michoro: isiandikwe "mchoro wa moyo" pekee, bali vyumba vyake vinne na njia inayopita damu. Majaribio yenye saa yaongezewe muda. Vitabu vilivyokwisha kuskaniwa vichapwe upya, vikitangulia vya kidato cha nne.

Tunaomba maofisa elimu wa halmashauri zote tano watujibu kabla ya shule kufunguliwa Januari. Majibu yaje kwa maandishi ambayo programu zetu zinaweza kuyasoma. Barua iliyoskaniwa tutalazimika kumwomba mtu atusomee.

Naomba kuwasilisha.