Seli ni Mji, Lakini Mji wa Ukubwa Gani?

Walimu wengi wa sayansi, wanapotaka kueleza muundo wa seli, huwaambia watoto kwamba seli ni kama mji. Kiini ni ofisi kuu inayotunza maagizo. Mitokondria ni mitambo ya umeme. Ribosomu ni mafundi wanaotengeneza protini. Utando wa seli ni mpaka wenye walinzi wanaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Mfano huu ni mzuri, na hatukusudii kuupinga. Twasema tu kwamba aghalabu huachwa nusu: hueleza kazi ya kila sehemu, lakini haumwambii mtoto neno lolote juu ya ukubwa wake.

Kasoro hiyo tuliiona tulipowatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi huko Kariakoo. Mwanachuo alikuwa amechora seli ubaoni kwa ustadi mkubwa. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hivyo vidoto na hayo mayai yenye mistari, kipi kikubwa, na ni kikubwa mara ngapi?" Mwanachuo alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba vyote ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Jibu hilo ni la kweli, lakini halifundishi. Kitu kisichoonekana chaweza kukizidi kingine kisichoonekana mara 50, na mtoto yule alikuwa na haki ya kuambiwa.

Tuonavyo sisi, mfano wa mji haufai kutupwa, bali kupimwa. Na mtoto wa Kariakoo anao mji wake tayari. Kutoka Posta hadi Sokoni Kariakoo ni mwendo wa takriban kilomita 2. Tuchukue seli ya mnyama yenye upana wa maikromita 20, tukikumbuka kwamba milimita 1 ina maikromita 1,000. Tukiikuza seli hiyo hata ukingo wake mmoja uwe Posta na wa pili uwe Kariakoo, kila maikromita 1 itakuwa mita 100. Kazi iliyobaki ni ya kuzidisha tu.

Kiini, chenye maikromita zipatazo 6, kitakuwa na upana wa mita 600. Mtu akikikatiza kwa miguu atatumia dakika 7 hivi. Kumbe ofisi kuu si jengo moja, ni mitaa kadhaa! Mitokondria moja italingana na kiwanja cha mpira, na nyingine zitakuwa ndefu zaidi. Ribosomu, yenye nanomita 25 hivi, itakuwa na mita 2 na nusu, yaani urefu wa bajaji. Mtoto atakokotoa mwenyewe kwamba bajaji 40 zikipangwa mstari mmoja ndipo zimalize kiwanja. Utando unaouzunguka mji wote utakuwa na unene wa sentimita 75 tu, upana wa mlango mmoja. Na molekuli ya maji itakuwa kama ndimu sokoni.

Vipimo hivi hueleza pia mambo ambayo mfano usiopimwa hauwezi kuyaeleza. Hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kupambanua vitu vilivyo chini ya maikromita 0.2, yaani mita 20 katika mji wetu. Basi huona kiwanja, lakini haioni bajaji. Ndiyo sababu Robert Brown aliweza kukipa kiini jina lake mwaka 1831, na ribosomu zikangoja hadubini ya elektroni hadi miaka ya 1950. Kadhalika, chembe nyekundu ya damu itakuwa na mita 750, na kijidudu cha malaria kinachoipenya kitakuwa na mita 150 hivi. Mtoto atafahamu mara moja jinsi adui anavyopata nafasi ya kukaa humo ndani na kuzaana.

Huenda mwanachuo akauliza: nikipangiwa shule ya kijijini, ambako watoto hawajaiona Posta, nifanyeje? Posta si lazima. Kilicho lazima ni uwiano. Uwanja wa shule watosha. Kila maikromita na iwe mita moja. Chora kwa majivu duara la mita 20, na ndani yake duara la mita 6 kuwa kiini. Mitokondria itakuwa gunia lililojaa mahindi. Ribosomu itakuwa upana wa wanda moja, au zaidi kidogo. Unene wa utando utakuwa ule wa penseli. Kisha waambie kwamba nyuzi za DNA zilizomo katika kiini cha seli ya binadamu, zikiunganishwa, hufikia mita 2. Kwa kipimo cha uwanja wetu ni uzi wa milimita 2 wenye urefu wa kilomita 2,000, kuliko hata reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nao umekunjwa ndani ya lile duara dogo.

Yafaa tutahadhari katika mambo matatu. Kwanza, seli hazilingani. Tarakimu hizi ni za wastani. Pili, mji umetandazwa chini, bali seli ina kina kama mpira. Tatu, seli si uwanja mtupu: imesongamana kama Kariakoo mkesha wa sikukuu, ambapo huwezi kupita pasipo kugusana mabega. Mwalimu ayaseme haya waziwazi, maana mfano usiotajiwa mipaka yake hugeuka kuwa uongo.

Wapo wasemao kwamba mtoto wa shule ya msingi hahitaji tarakimu, ajue kazi za sehemu yatosha. Hatukubaliani nao. Mtoto aliyeuliza "mara ngapi" ameshaanza kufikiri kama mwanasayansi. Tukimjibu "ni vidogo tu" tunamfundisha kwamba sayansi ni majina ya kukariri. Kwa hiyo, ndugu walimu, kabla hamjachora seli ubaoni, chagueni kwanza kipimo kimoja, na msikiache hadi kengele ilie.