Kivumishi Kilichosahauliwa: Hardin Mbele ya Maporomoko ya Wagenia

Tarehe 13 Desemba 1968, jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya mwanabiolojia Garrett Hardin kuhusu binadamu na mali ya pamoja. Mfano wake ni rahisi kukumbuka. Kuna malisho yaliyo wazi kwa wote. Mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida yote ni yake, lakini hasara ya nyasi kwisha inawaangukia wote. Mwenye akili ataongeza, na jirani yake vilevile, hadi malisho yafe. Tiba za Hardin ni mbili: mali igawiwe watu binafsi, au serikali ishike fimbo.

Hoja hii hufundishwa katika uchumi, sheria na mazingira kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Sisi wanafunzi wa lugha huambiwa haituhusu. Mimi nadai inatuhusu kuliko wengine, kwa maana kasoro yake kubwa imo katika neno.

Tuanze hapa nyumbani. Wagenia ni maporomoko ya mwisho kati ya saba ya Boyoma, yanayoanzia Ubundu. Maji ya mto Kongo hayana ua wala hatimiliki. Kwa hesabu ya Hardin, wavuvi wangekuwa wamekwisha kumalizana zamani. Badala yake, hukita magogo katika mashimo ya miamba, huyafunga kwa kamba za mbugu, kisha hutega migono mikubwa yenye mdomo mpana na mkia mwembamba ili maji ya kasi yasukumie samaki ndani. Gogo moja linahitaji mabega mengi. Tena hakuna anayetega popote apendapo: mahali pa kutega pana ukoo wake, na haki hiyo hurithiwa. Stanley aliukuta uvuvi huu Januari 1877, akauandika. Mji ukaitwa Stanleyville, ukaja kuwa Kisangani mwaka 1966. Tawala zimepita, migono ingalipo.

Kiswahili kinatusaidia kuona tatizo. Tunatofautisha mali isiyo na mwenyewe na mali ya shirika. Ya kwanza huokotwa. Ya pili ina washiriki: wanajulikana, wana zamu, na anayevunja mwiko hulaumiwa. Hardin aliziita zote mbili kwa jina moja. Elinor Ostrom alizitenganisha katika kitabu chake Governing the Commons cha 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mojawapo ya mifano yake ni wavuvi wa Alanya, Uturuki, ambao walikuwa wakipigia kura sehemu za kutega nyavu, kisha wakizipokezana kwa zamu.

Mwaka 1998, katika jarida lilelile, Hardin mwenyewe aliandika kwamba kosa zito zaidi la makala yake lilikuwa kuacha kivumishi: alipaswa kusema mali ya pamoja "isiyosimamiwa". Kivumishi kimoja, miaka thelathini!

Sisi Wakongo tunaujua uzito wa kivumishi. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi "tupu" ni ya Dola. Shamba lililopumzishwa na msitu wa kuwindia vikahesabiwa vitupu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikafanya ardhi yote kuwa mali ya Taifa, na haki za wanavijiji juu ya ardhi yao ikaziachia amri ya Rais itakayokuja baadaye. Mwaka 1885 neno liliongezwa, mwaka 1968 neno liliachwa. Matokeo ni yaleyale: wenyewe wapo, lakini wanasomeka kama hawapo.

Mtu atanijibu kwamba Wagenia si peponi. Kweli. Asiye wa ukoo hana mahali pa kutega, na mali ya pamoja huweza kuharibika. Ostrom naye hakusema kila jamii hufaulu. Lakini kusema "watu wanaweza kushindwa" si sawa na kusema "ndivyo akili ya binadamu ilivyo". Kauli ya kwanza inaalika uchunguzi. Ya pili inaufunga.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa walimu wetu. Kazi moja ya uwandani iwe kukusanya msamiati wa uvuvi wa Wagenia, kwa Kienya, Kiswahili na Lingala: majina ya mahali pa kutega, ya haki ya kurithi, ya mgao, ya faini. Nyuma ya kila jina tutakuta kanuni. Siku atakapokuja mtaalamu na mradi wa kuwapangia wavuvi utaratibu, kana kwamba hawajawahi kuwa nao, kamusi hiyo iwe tayari mezani.