Saa ya Mkononi Haiujui Mkokoteni

Jamani, na tuambizane ukweli. Siku hizi kijana wa mjini humsalimii bila kuonyeshwa mkono. "Cheki mshikaji, hatua elfu kumi na mbili!" Anakunja shati, anabonyeza kioo, nawe inakubidi ushangae. Mimi nimechoka kushangaa. Nasema wazi, na atakayekasirika aandike jibu toleo lijalo: nyingi ya namba zile ni porojo, na sisi tunaojiita waandishi tulipaswa kuwa wa kwanza kuzitilia shaka.

Hasira yangu ina sababu. Mjomba wangu husukuma mkokoteni, Feri hadi Kariakoo, kupitia Sokoine na Mnazi Mmoja. Mwaka jana presha ilimpanda, daktari akamwambia atembee kwa wingi. Mimi msomi wa fomu foo, niliyekaa nyumbani na riwaya isiyokwisha, nikajifanya mjuzi. Nikanunua saa ya mazoezi palepale Kariakoo, elfu thelathini na tano, nikamfunga mkononi. Jioni ya kwanza ikasoma hatua 2,140. Mtu katoka alfajiri, karudi magharibi!

"Mjomba," nikamwambia, "kumbe kutwa nzima mnakaa kijiweni?"

Hakujibu. Alivua saa, akaiweka mezani, akaenda kuoga.

Kesho yake nikamfuata, saa nimeivaa mimi. Nilitembea mikono mitupu nikihesabu kwa mdomo hatua 100; saa ikasema 97. Safi. Nikashika mikono ya mkokoteni, tukasukuma, nikahesabu tena 100. Saa ikasema 11. Nikarudia mara tatu, jasho likinitoka na makonda wakinicheka, na haikuvuka 20 hata mara moja.

Siri yenyewe ni ndogo. Saa haioni miguu. Ndani yake mna kidude kinachohisi mtikiso, na kila mkono unapokwenda mbele na nyuma, chenyewe kinakisia kwamba mguu nao umekwenda. Ukikamata mti wa mkokoteni kwa nguvu, mkono umetulia. Basi wewe, kwa hesabu yake, umelala. Sasa nikampelekea jamaa mmoja wa pale soko la samaki anayepara changu na kolekole. Akaivaa dakika kumi, amekaa juu ya ndoo, mkono unakwenda fyaa, fyaa. Hatua 412! Bwana yule hakuinua hata kisigino.

Sisemi saa zote ni takataka. Anayekimbia Coco Beach asubuhi, mikono ikicheza, atapata hesabu ya karibu na kweli. Lakini hata huko msimeze kila kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima saa saba mwaka 2017. Mapigo ya moyo, sita kati ya hizo zilikosea chini ya asilimia 5. Kalori je? Iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Halafu mtu anakula chipsi mayai mbili kwa sababu saa imemruhusu! Na hizo hatua 10,000 tunazoapia zilitokana na kidude cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likiwa na maana hiyohiyo, mita ya hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa. Sisi tumeligeuza amri ya Musa.

Kinachoniuma zaidi ni mahali nilipoinunua. Kariakoo imepata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Walibeba mizigo ya jeshi zima, na waliokufa hawakuandikwa sawasawa. Zaidi ya miaka mia baadaye, mtaani mwao, ninanunua mashine isiyomhesabu mbeba mzigo, kisha ninaiamini kuliko mjomba aliyenilea! Angeipeleka namba ile kwa daktari, angeambiwa aongeze mwendo.

Kwa hiyo wenzangu, kabla hujaringa, hesabu hatua 100 kwa mdomo, kwa kazi unayoifanya wewe, uone saa inasemaje. Ukitaka mapigo ya moyo, kaza mkanda juu kidogo ya kifundo cha mkono; ikilegea, ile taa ya kijani inasoma upepo. Na kama kazi yako ni ya kusukuma, ihamishe mguuni. Ya mjomba tuliihamishia juu ya kifundo cha mguu kwa kipande cha raba. Hatua 100, ikasoma 95. Siku ya kwanza ya hesabu hiyo alifikisha 19,300.

Anasema amefanana na kuku wa sokoni, kafungwa kamba mguuni. Anacheka akisema hivyo. Msamaha bado sijamwomba.