Hakimu Naye Hukosea

Wapo wazazi wanaocheka kijana wao akihuzunika kwa kufungiwa mchezo wa kompyuta. Sisi hatucheki. Kufungiwa kwa udanganyifu ni kuitwa mwongo mbele ya rafiki zako, na yaliyotokea mwaka 2010 yaonyesha kwamba aitwaye hivyo huenda hakutenda kosa lolote.

Kampuni ya Valve ya Marekani huendesha Steam, duka la michezo ambamo wachezaji hukutana kwa njia ya intaneti. Humo imo programu iitwayo VAC, inayowasaka watumiao hila, kama vile kumwona adui kupitia ukuta. Anayenaswa huzuiwa daima kuucheza mchezo huo kwenye seva zinazolindwa na VAC, na alama ya adhabu huonekana katika ukurasa wake. Kampuni haielezi ilivyomgundua, na hapo twakiri inayo sababu: ikieleza, watengenezaji wa hila watajua pa kupita.

Basi mwezi Julai 2010, katika muda wa majuma mawili hivi, wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 walifungiwa bila hatia. Steam ilikuwa ikibadilisha faili kwenye diski ilhali nakala ya zamani ingali katika kumbukumbu ya kompyuta. Ukaguzi ukaona mbili hizo hazifanani, ukahukumu. Waliolalamika wangeaminiwa na nani? Mdanganyifu naye hulalamika vivyo hivyo.

Mkuu wa kampuni, Gabe Newell, aliwaandikia akakiri kosa na kuomba radhi. Adhabu zikafutwa, na kila mmoja akapewa mchezo wa Left 4 Dead 2 pamoja na nakala ya pili ya kumpa rafiki. Hiyo ya pili yatupendeza kuliko ya kwanza (ingawa kwa mwenye duka haikuwa gharama kubwa), kwa maana aliyedhaniwa mwongo alirudi kwa wenzake na zawadi mkononi.

Hata hivyo haturidhiki. Watu 12,000 ni wengi, na kosa la ukubwa huo si rahisi kufichika. Je, angekuwa mmoja? Anayeficha ushahidi wake, hata kwa sababu njema, hana budi kumsikiliza zaidi yule anayemwadhibu. Tungependa kila kampuni ya namna hii iweke mtu, wala si mashine, wa kupitia upya malalamiko ya wanaokana kosa, naye awe na ruhusa ya kuufungua ushahidi uliofichwa. Gharama yake si ndogo, twajua, ila wanaoadhibiwa ni watu walioununua mchezo huo kwa fedha zao.