Étoile-dièse ao aplikasio: nani atabaki inje?

Ku Likasi leo, neno "aplikasio" limekuwa sawa neno "proje" zamani: kila mutu iko na yake. Kijana moja anataka kuonyesha bei ya shaba na kobalti, mwengine anataka watu walipe mchango wa koperative pasipo kupanga mustari, mwengine tena anafikiri juu ya minervale ya watoto. Tunawasifu. Ni watoto wetu, na wengi wao walisoma kwa franka zenye zilitoka mu shimo.

Lakini kuna ulizo moja lenye tunaona linarukwa kila mara: ile kintu itafunguka mu telefone gani?

Tuchukue familia yenye sisi wote tunafahamu. Baba anashinda ku machimbo upande wa Kambove, anarudi mwisho wa juma. Mama iko ku Kikula, anauza bunga. Telefone ya baba ni ya mabutoni, inakaa na moto siku tatu ao ine, na hiyo njo sababu aliichagua: kule hakuna pa kutia moto. Mwenye smartphone ni mutoto mukubwa, kioo kimepasuka, nafasi imejaa mapicha na video. Basi kama koperative inaweka bei ya siku mu aplikasio peke yake, nani ataiona? Mutoto. Si yule mwenye kuuza muzigo.

Na ku depo, bei si mambo ya kuchezea. Mashini inasoma tenere, munegosia anataja asilimia, muchimbaji anaitika ao anabeba mifuko yake. Bei kubwa ya shaba inapangwa London, ku soko la madini lenye kuwako tangu 1877, na kila siku ya kazi inabadilika. Mutu mwenye hajui kama jana ilipanda ao ilishuka, atabishana na munegosia kwa silaha gani? Hapa njo kuchagua teknolojia kunaacha kuwa mambo ya wafundi. Kunakuwa mambo ya sufuria.

Tuanze na étoile-dièse, ile yenye wafundi wanaita USSD. Haiombi mamega. Inapita mu rezo ile ile ya kuita, mu telefone yoyote, hata ile ya dola kumi. M-Pesa ya Vodacom iliingia kwetu mu 2012, na mama zetu walijifunza kutuma na kupokea makuta kwa njia hiyo pasipo kufundishwa na mutu wa informatiki. Mbele ya hapo, ku Kenya, Safaricom ilianzisha M-Pesa mu mwezi wa tatu 2007, ikaiweka ndani ya karte SIM yenyewe. Mwaka ule ule Apple ilikuwa inauza iPhone ya kwanza ku Marekani, na dunia yote ilikuwa inaangalia kule. Wakenya hawakungoja watu wanunue telefone mupya. Walitengeneza kwa ile yenye watu walikuwa nayo mukononi.

Ila tusidanganyane, étoile-dièse iko na ubaya wake. Ujumbe moja unabeba herufi 182 tu. Ukichelewa kufinya, inafunga, unaanza tena ku mwanzo. Na kubwa kuliko yote: ile namba si yako. Inafaa kusikilizana na kila kampuni ya rezo, moja moja, na kulipa. Kijana wa Panda mwenye ordinatere moja hatafunguliwa mulango kirahisi. Aplikasio, yeye, anaweza kuiandika usiku ku nyumba, kama moto uko, na kuiweka ku duka la Google kwa dola 25, mara moja tu. (Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, lakini ku Kikula tutazungumuza juu ya iPhone siku ingine.) Kwa hiyo tunaelewa sababu gani wanakimbilia aplikasio. Ni mulango wenye kuwa wazi.

Kuna njia ya tatu yenye watu wanazarau: ukurasa wa intaneti, mwepesi, maandishi matupu, picha moja ao hakuna. Unafunguka mu smartphone hata ya zamani, hauombi mutu apakue kintu, na ukisahihisha kosa asubui, wote wanaona sawa asubui ile ile. Aplikasio inaomba kila mutu aifanye upya kwa mamega yake mwenyewe. Wengi hawafanyi. Na WhatsApp iliacha kutumika mu telefone zenye Android 4. Kama kampuni kubwa vile inaacha telefone za zamani, aplikasio ya koperative itazibeba mupaka lini?

Sisi tunaona hivi. Bei ya siku itumwe kwa meseji ya kawaida, asubui, kwa kila memba, na ukurasa mwepesi ukuwe kwa wale wenye smartphone. Makuta yapitie étoile-dièse. Aplikasio ibaki kwa sekretere na wale wa kupima mizigo: wale wanafanya nayo kazi siku nzima, inaweza kuchunga hesabu hata rezo ikikatika, na koperative inaweza kuwanunulia telefone ya muzuri. Na maneno ya menyu yaandikwe mu Kiswahili chetu. Mama mwenye hasomi Kifaransa anamupa mutoto telefone, na pamoja na telefone anamupa kode ya siri. Kiisha tunashangaa makuta yanapotea mu nyumba.

Neno moja kwa wazazi wenye kulipa masomo ya informatiki, maana mu hizi nyumba zetu wako wengi. Mu 2010 michezo na video mingi ya intaneti ilikuwa inafanywa na Flash, na vijana ulimwenguni walilipa kuijifunza. Steve Jobs aliikataa mu iPhone. Mu 2011 Adobe ikaacha Flash ya telefone. Tarehe 31/12/2020 Adobe ikaiacha kabisa. Xamarin ya Microsoft nayo ilikwisha mu 2024. Leo wanataja Flutter, React Native, Kotlin. Muulize mwalimu kama mutoto atajifunza pia HTML, JavaScript na namna data inavyopangwa, ao jina moja tu lenye kuwa ku bango la shule. Akijibu jina moja tu, chunga makuta yako kwanza.

Na nyinyi wakubwa wa koperative, mbele ya kutia sahihi: mupelekeni ule kijana ku machimbo, siku ya delestaje, rezo ikiwa na bare moja. Asitoe telefone yake. Atumie ya baba, ya mabutoni, yenye baba amefunga na kaucu. Kama bei inatokea mbele munegosia hajafika na kamio yake, mulipeni.