Flashi ya Mwanafunzi na Sahihi Yangu

Mwaka juzi, nikiwa mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari hapa Mwanza, nilitia sahihi muhtasari wa kikao kilichomsimamisha masomo kwa wiki mbili mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kosa lililoandikwa lilikuwa "udukuzi wa kompyuta za shule". Shauri lake halikuchukua hata dakika kumi, kwa kuwa ajenda iliyofuata ilihusu ujenzi wa vyoo na kila mmoja wetu alikuwa na la kusema kuhusu vyoo. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa amesimama nje, chini ya mwembe. Hatukumwita.

Mwezi uliopita kijana huyo, ambaye amekwisha kuhitimu kidato cha nne na kutimiza miaka 18, alibisha hodi nyumbani kwangu. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamkaribisha kiti huku nikitafuta la kusema. Hakuja kudai aombwe radhi. Alikuja na kompyuta mpakato kuukuu, ambayo bawaba yake moja imefungwa kwa waya, akaniomba nimsaidie kusahihisha Kiswahili cha maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya watoto wa kwao Igombe, ambako mama yake huanika dagaa. Ndani ya kompyuta ile amepakia Kolibri, programu huria ya masomo inayofanya kazi bila intaneti. Watoto sita au saba huizunguka jioni.

Nilimwomba anisimulie kilichotokea siku ile shuleni. Ni swali ambalo bodi ilipaswa kumuuliza mwaka juzi.

Kompyuta nyingi za maabara zilikuwa zimekwama kwa virusi. Yeye alikuwa na flashi yenye Linux, mfumo endeshi ulio huru kunakiliwa. Aliichomeka, akaiwasha kompyuta moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichokuwa kwenye diski yake, ikafanya kazi. Akawaita wenzake wawili waone. Mwalimu wa zamu alipoingia na kukuta kioo chenye sura asiyoifahamu, alihitimisha kwamba kompyuta imedukuliwa. Flashi ikachukuliwa. Baada ya adhabu, kijana alizuiwa kuingia maabara hadi alipomaliza shule.

Kosa dogo lilikuwapo, na yeye analikiri: hakuomba ruhusa. Lakini tazama upande wa pili. Mifumo iliyokuwa kwenye kompyuta zile ilikuwa imenakiliwa bila leseni na fundi aliyelipwa kwa kila mashine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Kwa hiyo mfumo endeshi pekee uliokuwa halali ndani ya maabara ile, siku ile, ulikuwa kwenye flashi ya mtuhumiwa. Nasi, watu wazima wenye shahada, tulimwadhibu kwa jina la sheria.

Kwa wasomaji ambao neno hili ni geni: programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunzi wake, uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU nchini Marekani mwaka 1983 kwa lengo hilo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, aliweka hadharani kiini cha mfumo ambao leo unaitwa Linux. Kiini hicho ndicho kilicho ndani ya simu zote za Android, pengine hata ile iliyokuwa mfukoni mwa mwalimu aliyeikamata flashi. Watumishi wa afya wanaonisoma wanaifahamu DHIS2, ambamo takwimu za vituo vyetu huingizwa. Nayo ni programu huria, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Aidha, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na hawakulazimika kumngoja mwenye kampuni aone kama lugha yetu ina faida.

Serikali yetu, basi, inaishi ndani ya programu huria. Anayezuiwa mlangoni ni kijana.

"Mwalimu," aliniambia, "kila mlango niliopita ulikuwa na mlinzi, na kila mlinzi aliniuliza umri. Hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini." Akanihesabia. Shuleni simu ni marufuku. Laini ya simu, kabla hajatimiza miaka 18, haikuweza kusajiliwa kwa jina lake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye migahawa ya intaneti kufunga kamera na kutunza rejista ya wateja, na mwenye mgahawa aliyemjua alichagua kutopokea watoto kabisa ili asipate matatizo. Kwenye miradi ya programu huria anayoshiriki kwa kutafsiri maneno, hakuna aliyemuuliza umri. Walitazama kazi yake. Ya kwanza waliikataa.

Hapo ndipo nilipomkatiza. Mimi ni mzazi, na sikubali kwamba umri si kitu. Mtandaoni kuna watu wanaowawinda watoto kwa picha na kwa ahadi, kuna kamari iliyovaa sura ya mchezo, kuna matapeli. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nimeuona wembe ukikata, na sitampa. Nilimwambia hivyo.

Alinijibu kama mtoto wa mvuvi. Ziwani, alisema, makatazo ni mengi na baba yake anayaunga mkono. Kokoro ni marufuku kwa sababu linakomba makinda. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa sababu hajazaa. Afisa uvuvi hupima wavu na hupima samaki. Hajawahi kumkataza kijana kujifunza kupiga kasia.

Nimeyatafakari maneno hayo kwa muda, na naamini yamebeba hoja ambayo sisi tunaotunga na kutekeleza kanuni tumeikwepa. Katazo halali hutaja dhara, hupima kitu chenyewe, na hutoa sababu ambayo mtu anaweza kuikagua. Hata Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, lilifungwa kwa miezi mitatu, kwa sababu iliyotajwa na kwa tarehe ya kufunguliwa. Linganisha na mtandao wa X, uliofungwa nchini Mei 2025. Waziri mwenye dhamana alieleza kwamba mtandao huo unaruhusu picha za ngono. Dhara lilitajwa, lakini kilichofungwa ni ziwa zima, pamoja na mtafiti, mwandishi na mwanafunzi aliyekuwa akiwafuata mafundi wa programu wa dunia nzima. Linganisha pia na tangazo la Oktoba 2023, lililowataka wanaotumia VPN, njia ya kuyafunika mawasiliano isiyo tofauti na bahasha, wajitambulishe kwa mamlaka kabla ya mwisho wa mwezi huo, huku kanuni zikiweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Hapo kinachoshukiwa ni bahasha. Barua haijasomwa.

Wapo watakaosema kwamba ninapigia debe uhuru holela. La hasha. Jambo ambalo wengi hatulifahamu kuhusu programu huria ni kwamba ni mahali penye ukali mkubwa. Linux haipokei kila kinachopelekwa. Mapendekezo hukataliwa kila siku, na Torvalds bado ana kauli ya mwisho kuhusu kiini chake. Tofauti ni kwamba kukataa kule hufanyika hadharani, kwa sababu zilizoandikwa, na aliyekataliwa anaweza kusahihisha na kurudi. Kijana wangu huyu alirudi mara tatu ndipo tafsiri yake ikapokelewa. Hiyo ni malezi. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, lakini kukunja hufanywa kwa mkono ulio karibu na samaki. Mlango uliofungwa haumkunji mtu.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa mashine liliporudisha vurugu na gharama, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Sababu ilikuwa ya kweli: fedha za kigeni zilikuwa haba na mfumo ulikuwa umeshindwa. Lakini mashine hazikuwa zimeshindwa zenyewe. Tulikosa watu wa kutosha wanaozielewa, na marufuku haikuweza kutupatia watu hao. Wakati huo huo kizazi cha vijana wa Helsinki na kwingineko kilikuwa kikikua kinazifungua na kuzifunga.

Wiki iliyopita niliwasilisha mambo matatu kwenye bodi ileile, nami nayaweka hapa ili watumishi wenzangu wa umma wayapime. La kwanza, maabara iwe na angalau kompyuta mbili za mazoezi, zenye mfumo huria, ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kuziharibu na kuzitengeneza chini ya usimamizi. Gharama yake ni mashine kuukuu na saa mbili za mwalimu kwa wiki. La pili, kompyuta nyingine ziondolewe programu zilizonakiliwa bila leseni, maana hatuwezi kufundisha sheria kwa vitu vya wizi. La tatu, mwanafunzi yeyote asiadhibiwe kwa kosa la kompyuta kabla ya kuitwa ndani, kuulizwa alifanya nini, na kuonyesha. Aidha, adhabu iandikwe pamoja na dhara lililotokea. Kama hakuna dhara la kuandika, kikao kijiulize kinaadhibu nini.

Bodi imekubali la tatu. La kwanza limeahirishwa kwa kukosa chumba. La pili lilileta ukimya, kisha tukarudi kwenye vyoo, ambavyo mpaka leo havijakamilika.

Niliomba pia muhtasari wa mwaka juzi urekebishwe, ili neno "udukuzi" liondolewe kwenye kumbukumbu za kijana yule kabla hajaomba nafasi chuoni. Nimeambiwa kwamba muhtasari ukishathibitishwa haubadilishwi. Unaweza tu kuongezewa maelezo, na maelezo hayo lazima yatolewe na mjumbe aliyekuwapo. Mjumbe huyo ni mimi. Nimeandika kwamba mwanafunzi hakuulizwa, kwamba hakuna kilichoharibika, na kwamba nilitia sahihi bila kujua nilichokuwa nakihukumu. Nikatia sahihi tena chini yake.