Piza juu ya ubao: kwanza uliza ubao umetoka wapi

Ulizo hili limerudi mara tatu katika mikutano yetu, basi leo ninalijibu kwa maandishi. Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wanatutumia video kwenye simu: piza imelala juu ya kipande cha ubao, ubao uko ndani ya jiko la gazi lenye mfuniko, moshi kidogo, watoto wanapiga makofi. Je, na sisi tunaweza? Tunaweza. Lakini ubao ule si ubao wowote tu.

Mapishi haya yana wenyewe. Watu wa asili wa pwani ya Pasifiki, kaskazini-magharibi ya Amerika, tangu zamani wanapika samaki wa salmoni kando ya moto wakimbana kwenye vijiti au mbao za mwerezi mwekundu. Piza ilikuja kupanda juu ya ubao huo baadaye sana. Na jina lisitudanganye: mwerezi huo si ule wa Lebanoni tunaosoma katika Biblia, ni wa jamaa ya sipresi. Lakini msikimbilie sipresi yetu kwa sababu ya ujamaa huo, wala paini. Mti wenye utomvu mwingi unatoa moshi mchungu na unashika moto haraka.

Hatari kubwa zaidi ni mbao za ujenzi. Nyingi zinaingizwa dawa ili mchwa na kuvu visizile. Dawa moja iliyoenea ina shaba, kromi na arseniki. Arseniki ni sumu, na moto hauimalizi: nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki katika majivu. Marekani waliacha kuitia katika mbao za nyumba za watu mwisho wa mwaka 2003. Nguzo za umeme nazo zina dawa, na zile nyeusi mara nyingi zimetiwa kreozoti. Kuosha hakusaidii, dawa imekwisha kuingia ndani. Kwa hiyo ubao wenye rangi ya kijani-kijani, wenye vernisi, wenye harufu ya mafuta, au ule wa tripleksi uliobandikwa kwa gundi, usiguse chakula. Usiuwashe hata kwenye mbabula! Watoto wetu wanaokota vipande kwenye majengo mapya na kuvileta nyumbani kwa furaha, wakifikiri wamemsaidia mama. Waambieni leo jioni.

Mimi ningechukua mpera, ule mti wa mapera wa nyuma ya nyumba. Kule Hawaii kuni zake zinafukizia nyama, na moshi wake ni mtamu. Fundi wa mbao apasue kipande cha unene wa sentimita 2, kikauke kivulini, akipige randa bila kupaka kitu. Shina la mpera ni jembamba, kwa hiyo tutapika piza ndogo ndogo, kila mtoto na yake. Ugomvi unapungua.

Unga wa ngano gramu 500, maji ya vuguvugu mililita 300, kijiko kidogo cha levire, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kikubwa cha mafuta. Kanda, funika saa moja, gawa vipande 6. Wakati huo ubao unalala ndani ya maji, na jiwe juu yake ili usielee. Maji hayazuii moto kabisa, yanauchelewesha.

Fungua mfuniko wa jiko kabla ya kuwasha, kwa maana gazi ni nzito kuliko hewa na inajikusanya chini. Chupa isimame wima, mbali na moto. Paka povu la sabuni kwenye mpira, na povu likivimba, funga chupa. Ubao haupitishi joto vizuri, ndiyo maana unga ukiwekwa mbichi juu yake unabaki umelowa chini. Choma kwanza unga peke yake juu ya chuma, dakika 2 kila upande. Kisha uweke juu ya ubao, paka nyanya, tia kitunguu na fromaji ya Masisi, funika, moto wa kati, dakika 10 hivi. Kikombe cha maji kiwe karibu: kingo zikishika moto, nyunyiza na upunguze gazi.

Haya yote ni nje, uwanjani. Ndani ya nyumba moshi wa ubao unaua, sawa na moshi wa makala. Na mama mwenye jiko la gazi la kawaida, lisilo na mfuniko, aache ubao: utaungua chini na fromaji haitayeyuka juu. Achukue sufuria nzito, aifunike, moto mdogo, dakika 12. Piza itaiva vizuri, na gazi kidogo itatumika.